Chenji ya Joram Chesire

Ukipiga chafya mlangoni kwa Wambani
santuri za ukuta wa nyuma zinakuombea afya:
ndivyo duka lilivyo jembamba,
limebanwa Barabara ya Gusii
kati ya fundi wa funguo na mama wa mbegu za kabeji.
Jumamosi ile tuliingia humo watu thelathini na mmoja.
Nilihesabu. Kuhesabu ndiyo kazi niliyolipwa
miaka kumi na sita kiwanda cha betri,
hadi lango lilipofungwa.

Karatasi ilibandikwa kwenye kioo:
LEO JORAM CHESIRE. KIINGILIO NI KUNYAMAZA.
Nani angeamini? Joram aliyejaza uwanja wa Afraha
watu wakapanda ukuta kama mijusi?
Joram wa kantri ya Jumapili usiku,
ambaye baba alimwanikia betri juu ya bati
zipate pumzi ya wimbo mmoja zaidi?
Baba hakujua kusoma. Betri alizichagua kwa picha.

Akaja kwa miguu. Mfupi kuliko jalada lake.
Buti zimeshika vumbi hili letu la Nakuru lisilobagua.
Kofia ya pama akaitundika kwenye msumari wa kalenda,
ikafunika Agosti yote.
"Hamjambo," akasema,
kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

Wimbo wa kwanza kipaza sauti kilikoroma tu.
Akaomba maji. Wambani, anayeogopa kimya,
akaweka santuri ya zamani ya mgeni wake mwenyewe,
na hapo hapo stima ikapotea.
Tukamsikia Joram akizama ndani ya Joram,
sauti nzito, nzito zaidi,
ng'ombe aliyekwama topeni,
kisha kimya.

Wambani akaanza kutafuta mshumaa.
Saa tisa mchana, jamani, mshumaa!
Joram akacheka, maji bado mdomoni,
akachomoa waya wa gitaa kama anayefungua ndama,
akalidaka neno pale pale lilipoangukia.

Ni ule wa dereva wa trekta kule Rongai
aliyeandika jina la mkewe kwa jembe
shamba zima, ekari tisa,
na mkewe hajui kusoma.
Nimeusikia mara mia, nikicheka kila mara.
Bila waya sauti yake ilikuwa na ufa,
na alipofika juu hakuuficha,
akapita nao.
Nje, fundi wa funguo aliweka tupa chini.
Mimi nilitazama Agosti iliyofunikwa
nikahesabu watu upya, nikapata thelathini na wawili,
sijui nilimhesabu nani mara mbili.

Baadaye, wengine wakigombea kalamu,
alikuwa ameinama kwenye sanduku la santuri kuukuu
akipekua kwa vidole viwili.
"Hii sina," akasema.
Ya kwanza kabisa, kona zimeliwa na panya.
Ya mwisho aliiweka rehani Molo, hakurudi kuikomboa.
"Chukua, ni yako," Wambani akasema.
"Ilikuwa. Sasa ni ya duka. Bei gani?"
Mia nne na hamsini.
Akatoa mia tano.
Wambani akafungua droo: vifungo, gundi, sindano za kinanda,
chenji hakuna.
Nikatoa hamsini yangu, nauli ya kunirudisha Free Area.
Joram akaipokea, akaikunja mara nne,
hakuniuliza jina.

Kofia kichwani, santuri kwapani, mguu mmoja nje,
stima ikarudi.
Kinanda kikaamka chenyewe kikigugumia,
sauti ikapanda kutoka matopeni,
changa, laini, haina ufa popote.
Akasimama akisikiliza
kama mtu anayeitwa na mtoto wa jirani.
Hakungoja kiitikio.

Nilitembea hadi nyumbani, viatu mkononi kuanzia reli.
Hamsini yangu Wambani hajanilipa,
na kila nikipita ananyanyua mkono: "Nakumbuka, dada!"
Simdai.
Akilipa, tutakuwa tumemaliza.